Njaa, Hamu na Shibe: Namna Ubongo Unavyotawala Tumbo

Mhadhara wa Ramadhani uliotolewa mbele ya wanajumuiya, Bloomington, Minnesota, baada ya sala ya Alasiri. Umenakiliwa kwa ajili ya ndugu ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa mwili wenye mizani na akili ya kupambanua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, swalla Llahu alayhi wa sallam, pamoja na aali zake, maswahaba zake na wote waliofuata nyayo zao kwa wema.

Ama baad. 

Tumeombwa tuizungumzie saumu kwa upande ambao huguswa kwa nadra katika mikutano yetu, nao ni yale yatokeayo ndani ya kichwa cha mfungaji tangu alfajiri hadi magharibi. Hatukusimama hapa kutoa fatwa. Kazi hiyo ina wenyewe. Tumesimama kueleza yale ambayo elimu ya ubongo imeyabainisha kuhusu njaa, hamu na shibe, kisha tutazame kwa pamoja elimu hiyo inatudai nini sisi tuishio hapa, tukiwa na wazazi wenye maradhi, majirani wanaotuangalia na watoto wanaotuiga.

Lugha yetu imetutangulia katika jambo hili. Kiswahili kina neno njaa na kina neno hamu, na hakuna mzee wa pwani anayeyachanganya. Mtu aliyemaliza sahani mbili za pilau hana njaa. Lakini akiwekewa mbele yake kaimati zinazong'aa kwa shira, nafasi hupatikana. Nafasi hiyo haikutoka tumboni, imetoka kichwani.

Kwa ajili ya mazungumzo haya, tuseme kwamba ubongo una watumishi wawili. Wa kwanza ni mlinzi wa ghala, anayehesabu akiba ya mwili usiku na mchana. Wa pili ni mnadi wa soko, anayepaza sauti kila apitapo mtu: njoo, hapa pana kitu kizuri. Mlinzi hasikii mawaidha. Mnadi hufundishika, ingawa kwa taabu. Mengi tunayowalaumu wenzetu ni kazi ya mlinzi, na mengi tunayojisamehe wenyewe ni kazi ya mnadi.

Tuanze na mlinzi, kwa tukio lililopita mwendo wa gari usiozidi nusu saa kutoka hapa tulipoketi.

Mnamo Novemba 1944, Vita Vikuu vya Pili vikiwa bado vinaendelea, vijana wanaume 36 waliingia katika maabara iliyokuwa chini ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mjini Minneapolis. Uwanja huo, Memorial Stadium, ulibomolewa mwaka 1992. Vijana hao walikuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri zao, na wengi walitoka katika makanisa ambayo tangu kale hufundisha kujiepusha na vita. Walijitolea kwa hiari. Mwanafiziolojia Ancel Keys na wenzake walitaka kujua mwili wa mwenye njaa hubadilikaje na hurejeshwaje, ili watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa wapate kulishwa kwa maarifa.

Kwa wiki 12 za mwanzo walilishwa vizuri, kalori 3,200 hivi kwa siku. Kisha, tarehe 12 Februari 1945, chakula kikapunguzwa hadi karibu nusu kwa muda wa wiki 24. Walipewa milo miwili kwa siku, viazi, mboga za mizizi, mkate na tambi, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Mwishoni mwa Julai walikuwa wamepoteza karibu robo ya uzito wao.

Kukonda kulitarajiwa. Lililowashangaza watafiti ni yaliyopata nafsi za vijana hao. Watu wapole wakawa wepesi wa hasira. Walihisi baridi wakati wa kiangazi. Ucheshi uliwatoka, na hamu ya mapenzi ikazimika. Fikra zao zote zikageukia chakula: walisoma vitabu vya mapishi kama watu wengine wasomavyo riwaya, waliota vyakula usingizini, walilamba sahani, walirefusha mlo mdogo kwa saa nzima wakiuchezea. Baadhi walishindwa kuendelea wakatolewa katika jaribio.

Ndugu zetu, hawa hawakuwa watu dhaifu wa nia. Kukataa kwenda vitani wakati taifa zima linakutazama kwa dharau kwahitaji uti wa mgongo. Waliokuwa na nguvu ya kusimama peke yao mbele ya nchi nzima hawakuwa na nguvu ya kumnyamazisha mlinzi wa ghala. Na hata waliporuhusiwa kula watakavyo, wapo waliokula kalori zaidi ya 5,000 kwa siku na bado wakasema hawajashiba. Mafuta ya mwili yalirudi haraka kuliko misuli, tena yakapita kiwango cha awali. Keys na wenzake waliyaandika haya yote katika kitabu cha majalada mawili kilichotoka mwaka 1950.

Mlinzi huyu anakaa wapi? Katika sehemu ndogo iliyo chini kabisa ya ubongo, iitwayo haipothalamasi. Humo mna kundi la seli zinazowasha njaa, na jirani yake kundi jingine linalowasha shibe. Zote mbili husubiri habari kutoka mwilini. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza kugundua jeni inayotengeneza homoni ambayo baadaye iliitwa leptini. Homoni hii hutolewa na mafuta ya mwili yenyewe, ikapita katika damu hadi ubongoni kutoa hesabu ya akiba. Akiba ikipungua, leptini hupungua, naye mlinzi hupiga kengele.

Kengele hiyo ina nguvu kiasi gani? Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja, wenye asili ya Pakistani, ambao miili yao haikuweza kutengeneza leptini kabisa. Walikuwa wanene mno tangu uchanga, na hawakuacha kudai chakula usiku wala mchana. Machoni pa mtu asiyejua, wangeonekana ni watoto waliodekezwa na wazazi wasiojua kulea. Mmoja wao alipoanza kudungwa leptini kila siku, ulaji wake ulipungua ndani ya siku chache, na uzito ukaanza kushuka. Mtoto alikuwa yule yule na wazazi wale wale. Lililoongezwa ni homoni tu.

Maradhi ya namna hiyo ni nadra sana, na wengi walio wanene wana leptini nyingi ambayo ubongo wao hauiitikii ipasavyo. Lakini funzo linabaki. Njaa ni ujumbe wa kemikali kabla haijawa tabia. Hata sindano za kupunguza uzito zinazozungumzwa sana siku hizi hufanya kazi kwa kuiga homoni ya utumbo inayoupa ubongo habari za shibe.

Baada ya hesabu ya akiba ya miezi, kuna hesabu ya saa. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, waligundua homoni itolewayo na tumbo, iitwayo grelini. Hupanda kabla ya mlo na hushuka baada ya kula. Nayo hufuata mazoea: mwenye kula saa saba mchana kila siku, grelini yake huanza kupanda saa hiyo ikaribiapo. Ndiyo maana siku za mwanzo za Ramadhani tumbo hulalamika adhuhuri kwa ukali, kisha kadiri mwezi unavyosonga malalamiko yake hupoa kwa watu wengi. Mwili umeanza kujifunza ratiba mpya. Ndugu waliofunga hapa Minnesota katika miezi ya Juni ya miaka michache iliyopita, jua likizama baada ya saa tatu usiku, wanajua kwamba kiu na usingizi viliwasumbua kuliko njaa yenyewe.

Na shibe je? Shibe huja kwa njia kadhaa: tumbo linapotanuka, mshipa wa fahamu hupeleka habari ubongoni, utumbo unapopokea chakula, hutoa homoni zake. Habari hizi zahitaji dakika nyingi kufika na kukamilika. Anayefuturu kwa kasi huwa amekwisha kula kuliko haja yake kabla ujumbe wa kwanza haujasomwa. Tazameni basi hekima ya Sunna tuliyorithi: tende na maji kwanza, kisha sala ya Magharibi, kisha mlo. Muda wa sala hiyo ni muda ambao tumbo linazungumza na ubongo. Na mafundisho ya Mtume wetu ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi, humwachia mlaji nafasi ya kusikia jibu.

Sasa tumgeukie mnadi.

Mtafiti Wolfram Schultz alirekodi seli za ubongo wa nyani, zile zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Nyani alipopewa tone la maji ya matunda bila kutarajia, seli zilichangamka. Kisha akazoezwa kwamba ishara fulani hutangulia tone hilo. Baada ya mazoezi, seli zikawa zinachangamka wakati wa ishara, si wakati wa tone. Na ishara ilipotolewa pasipo tone kufuata, seli zilinyamaza chini ya kawaida yake, wakati ule ule ambao tone lilitarajiwa. Mnadi, kwa hiyo, hauzi utamu. Anauza ahadi ya utamu, na ahadi ikivunjwa hununa.

Naye Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha kwamba kutaka kitu na kukifurahia ni mambo mawili katika ubongo. Panya walioondolewa dopamini hawakufuata chakula kabisa. Walipotiwa sukari mdomoni, walilamba midomo kama kawaida. Utamu waliuonja, kilichokosekana ni msukumo wa kuutafuta. Kinyume chake nacho hutokea: mtu aweza kukitaka kitu kwa nguvu mwaka hadi mwaka, huku furaha akipatayo ikizidi kupungua.

Mnadi huyu huitwa kazini na macho, pua na masikio. Wahenga walisema macho hayana pazia. Hapa mjini kwetu pana Mall of America, iliyofunguliwa mwaka 1992, na yeyote aliyepita humo akiwa amefunga anajua kwamba harufu ya mikate ya mdalasini haimwulizi mtu dini yake. Lakini tusiwe wepesi kuwalaumu wafanyabiashara. Saa kumi na moja jioni, nani anayetutumia picha za sambusa na mikate ya sinia katika simu? Ni sisi kwa sisi. Vijana wale wa mwaka 1945 walisoma vitabu vya mapishi kwa sababu walikuwa na njaa ya miezi. Sisi twayatazama mapishi mchana kutwa kwa njaa ya saa chache, kisha twashangaa kwamba meza ya futari ina muhogo wa nazi, ndizi, bajia, kachori, tambi, pilau na soda, na nusu yake hutupwa.

Ni hapa ambapo saumu ina kazi yake, kwa upande huu tunaouzungumzia. Kufunga mchana hakumnyamazishi mlinzi wa ghala, wala hakukukusudiwa hivyo. Atakayeifanya Ramadhani kuwa mashindano ya kukonda ataona uzito ukirudi, kama ulivyowarudia wale vijana, kwa sababu mlinzi husubiri. Lakini mfungaji hupita mbele ya chakula mara 20 kwa siku na hali. Ishara imekuja, tone halikuja. Ubongo hujifunza kwamba ishara si amri.

Hata hivyo lazima tuseme kweli yote. Elimu imeonyesha kwamba yaliyozoewa hayafutiki. Hufunikwa na mazoea mapya, na mapya yasiposhikwa, ya kale huchomoza tena. Mazoea yana taabu. Ndiyo sababu mtu aliyeshinda mwezi mzima hujikuta siku ya pili ya Idi yuko pale pale alipokuwa mwezi wa Shaabani. Siku sita za Shawwal, na Jumatatu na Alhamisi kwa awezaye, zina thawabu yake kwa Mola. Na kwa ubongo ni kurudia somo kabla halijasahaulika.

Ndugu zetu, tumefika mahali ambapo elimu hii inatugusa majumbani. Jambo linalotuuma zaidi ni aibu.

Wapo miongoni mwetu wazee wenye kisukari wanaodungwa insulini, ambao hufunga kwa kujificha madaktari, kwa sababu wanaogopa kuonekana wakinywa maji mchana. Insulini iliyopimwa kwa ajili ya mtu anayekula, akidungwa mtu asiyekula, hushusha sukari hadi kuzimia, na yaweza kuua. Ubongo ndio kiungo kinachotegemea sukari ya damu kuliko vyote. Ikishuka mno, mtu huchanganyikiwa, hutetemeka, husema maneno asiyoyajua. Tusimdhanie amelegea katika imani. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inaeleza wazi: sukari ikishuka chini ya miligramu 70, au ikipanda juu ya 300, mfungaji afungue hapo hapo. Kujipima kwa kutoboa kidole hakubatilishi saumu, kama wasemavyo wanavyuoni wengi. Ruhusa ya mgonjwa iko katika dini tangu siku saumu ilipofaradhishwa. Aliyeruhusiwa na Mola wake hana haja ya kuruhusiwa na jirani.

Basi ombi letu kwa watoto na wakwe: wiki sita au nane kabla ya Ramadhani, mpelekeni mzee kwa daktari, mumtafsirie maneno yake yote bila kupunguza, kisha muulizeni sheikh wenu kuhusu kadha au fidya. Na ikiwa mzee hafungi, aandaliwe nafasi ya kula kwa staha, asile chooni wala ndani ya gari kama mwizi.

Wapo pia wenye miili mikubwa, hasa dada zetu, wanaosikia mzaha kila wapitapo kwenye futari. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa; na mwenye mlinzi mpole hamjui mwenye mlinzi mkali. Mzaha haujapata kumpunguzia mtu uzito. Umewafanya wengi wale kwa kujificha.

Na wapo vijana wetu waliotekwa na dawa za kulevya. Tunalitaja hili kwa sababu njia ni ile ile ya mnadi, ila dawa hupiga kelele kubwa kuliko chakula chochote kilichopata kuumbwa. Kijana anaitaka asichokifurahia tena, na mzazi anaona ni ukaidi. Tusiwafiche watoto hao mpaka siku ya jeneza. Dawa ya kupulizia puani ya kumzindua aliyezidiwa na afyuni, naloksoni, tangu mwaka 2023 imeruhusiwa hapa Marekani kuuzwa bila cheti cha daktari. Iwekwe nyumbani kama tuwekavyo kizima moto. Kisha matibabu yatafutwe, kwani yapo.

Tusieleweke kuwa tunasema mwanadamu hana hiari. Lau asingekuwa nayo, saumu isingekuwa ibada. Tunasema hiari ina mipaka yake na ina mahali pake pa kazi. Haiko katika kuamuru njaa isije. Iko katika kupanga nyumba: tupike futari ya aina mbili au tatu, tufungue kwa tende na maji, tusali, kisha tule polepole tukizungumza, tusiache daku, na daku iwe ya nafaka, maharage, mayai na maji ya kutosha kuliko sukari, tufunge simu zenye mapishi kuanzia Alasiri, na chakula kilichobaki kifikishwe kwa jirani kikiwa bado kina moto, awe Mwislamu au asiwe. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mambo madogo ya kila siku hujenga mtu kwa namna hiyo hiyo.

Njaa tunayoihisi saa hizi itakwisha jua likizama. Kuna ambao yao haizami na jua, na kuna ambao yao wameumbwa nayo kali kuliko yetu. Kama saumu haikutufanya tuwaonee huruma wote wawili, itakuwa imetubakishia midomo mikavu tu.

Ewe Mola wetu, zipokee saumu zetu na visimamo vyetu. Waponye wagonjwa wetu, warejeshe vijana wetu, warehemu waliotutangulia. Tujaalie nyoyo zinazosamehe kabla hazijahukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.